Kulinyoosha jalada la albamu kabla ya kulipeleka kwa mchapaji

Mchoro wa kwanza wa jalada la albamu siku hizi humfikia mwenye muziki kwa WhatsApp, na aghalabu hupendeza, kwa sababu skrini ya simu huziangaza rangi kutoka nyuma na kuzipa ukali ambao hakuna wino unaoufikia. Kundi zima huupokea kwa sifa, msanifu hulipwa, na faili hupelekwa kwa mchapaji siku hiyohiyo. Mwongozo huu unahusu hatua inayorukwa hapo katikati, yaani namna ya kuuchukua mchoro ambao tayari ni mzuri na kuusahihisha mpaka uwe kifungashio kinachosomeka, kinachokunjika sawasawa, kinachowataja wenye haki wote na kinachoistahimili hewa ya Mombasa. Nimelifikiria zaidi kundi la taarab linalotaka nakala mia chache za CD za kuuza harusini na kwenye maonyesho, na ambalo litaziweka nyimbo hizohizo mtandaoni, lakini mengi yaliyomo yatawafaa pia waimbaji wa chakacha, bango na kasida.

Mfano wa karatasi kwanza

Msianze kwa kubishana juu ya rangi. Anzeni kwa kuuchapa mchoro kwa ukubwa wake halisi, hata kwa printa ya duka la fotokopi, kisha mkate na mkunje mpaka mpate kifungashio kamili cha mfano. Mwambieni mwenye duka asiiache printa ipunguze ukubwa ili mchoro utoshee kwenye karatasi, na mkishapewa pimeni kwa rula. Kijitabu cha mbele cha kasha la kawaida la plastiki ni milimita 120 kwa 120 au zaidi kidogo. Karatasi ya nyuma, ile inayokaa chini ya kishikio cha diski, ina upana wa milimita 151 na kimo cha milimita 118, na ndani ya upana huo mna mbavu mbili za milimita 6.5 kila moja, ambazo hukunjwa na kuonekana kasha likisimamishwa rafuni. Vipimo hutofautiana kidogo baina ya mchapaji mmoja na mwingine, kwa hiyo ombeni kiolezo cha mchapaji mliyemchagua kabla msanifu hajaendelea, wala msikubali atumie kiolezo alichokipakua kokote kule.

Mfano ukiwa tayari, mpeni mtu ambaye hajawahi kuuona, ashike mkononi kwa muda mfupi, kisha aurudishe na awaambie jina la kundi na jina la albamu. Msimwulize kama umependeza, maana uungwana utamzuia kusema kweli. Kazi yake ni kusoma tu. Akilitaja jina la albamu kuwa ndilo la kundi, au akakumbuka picha bila jina lolote, basi mmeshajua tatizo liko wapi, na hakuna wino wa dhahabu utakaoliondoa. Fanyeni hivyo pia kwa ubavu. Msanifu huwa na mazoea ya kuuacha ubavu hadi mwishoni na kuujaza kwa herufi zilezile za mbele zilizopunguzwa, ilhali upana wa milimita 6.5 ukiacha nafasi ya milimita 1.5 kila upande hubakiwa na milimita 3.5 tu za kuandikia. Herufi za mapambo hazisomeki hapo. Andikeni jina la kundi na la albamu kwa herufi za kawaida, nene kiasi, na maandishi yateremke kutoka juu kwenda chini kwa pande zote mbili.

Cha kuondoa

Mchoro wa kwanza hubeba mambo mengi kwa sababu kila mwanakundi aliomba lake. Utakuta jina, picha ya mwimbaji, jahazi, mnazi, mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, pembe za ndovu za Moi Avenue, nambari tatu za simu, nembo ya studio na orodha ya nyimbo, vyote upande wa mbele. Maoni yangu ni kwamba jahazi, mnazi na mlango vimeshatumika mno katika majalada ya Pwani hata havisemi kitu isipokuwa kwamba muziki ni wa Pwani, jambo ambalo msikilizaji atalijua udi utakapopigwa mara ya kwanza. Chagueni kitu kimoja kinachotoka ndani ya nyimbo zenyewe au ndani ya kundi. Uso wa udi ukipigwa picha kwa karibu, pale nyuzi zinapopita juu ya tundu lililochongwa nakshi, una mambo mengi ya kutazama. Vibonyezo vya taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonyezo, vilivyochakaa kwa vidole vya mpigaji pia vinatosha kubeba jalada zima. Picha ya mwimbaji ni chaguo jema ikiwa mwenyewe ameridhia, na kwa waimbaji wa kike ridhaa hiyo iombwe waziwazi, kwani si kila anayeimba harusini angependa sura yake ibandikwe madukani.

Wengi hutaka kutumia leso, nami siwalaumu. Mpangilio wa leso wenyewe ni somo zuri la usanifu: pindo linazunguka, mji uko katikati, na jina ni mstari mmoja tu wa maandishi ambao mtu huusoma mvaaji akiwa ng'ambo ya barabara. Jalada lenye nidhamu ya namna hiyo halihitaji mengine. Hata hivyo kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya haki. Michoro ya leso ina wenyewe, na nyingi hubeba chapa ya aliyezitoa, kama zile zenye maandishi ya K.H.E. Mali ya Abdulla kutoka Biashara Street, biashara iliyoanza mwaka 1887. Kuipiga leso picha na kuifanya jalada bila idhini ya maandishi ni kuchukua kazi ya mtu, kwa hiyo choreni pindo lenu wenyewe.

Tahadhari ya pili ni ya mashine. Karatasi hukatwa kwa rundo, na kisu kikipotoka kwa milimita moja, pindo jembamba lililo ukingoni litaonekana nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, kosa ambalo jicho hulikamata mara moja hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu uchapaji. Pindo likiwa na upana wa milimita 7 au zaidi, kosa hilohilo halitambuliki. Kwa sababu hiyohiyo, rangi au picha yoyote inayofika ukingoni ni lazima ipitilize mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yote, isipokuwa yale ya ubavuni, yabaki angalau milimita 4 ndani ya mstari huo. Mkiona msanifu ameleta faili lenye milimita 120 kamili bila ziada, mrudishieni kabla ya kuzungumzia jambo jingine lolote.

Majina na herufi

Amueni mara moja tahajia ya kila jina na muiandike kwenye karatasi ambayo msanifu, mchapaji na yule anayepandisha nyimbo mtandaoni wataifuata wote. Jina la bingwa wa udi Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, limeandikwa kwa namna zaidi ya moja katika miaka tofauti, na anayetafuta kazi zake mtandaoni hulazimika kujaribu zote. Kundi changa halina sababu ya kujiletea usumbufu huo. Kama jalada limeandika Bin, basi kila mahali pawe Bin, pasiwe na Ben wala b.

Mkitumia hati ya Kiarabu, kama pambo au kwa kuwa Waswahili wameandikia lugha yao kwa hati hiyo kwa karne nyingi, mtafuteni msomaji wake aliangalie faili la mwisho, si rasimu ya mwanzo. Programu nyingi za usanifu zisipowekewa mpangilio wa hati hiyo huzitenganisha herufi zinazopaswa kushikana na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, hata neno likawa takataka mbele ya kila aliyepita madrasa, na hapa Mombasa hao ni wengi. Kosa hilo huweza kutokea baada ya kazi kusahihishwa, pale faili linapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo maneno hayo yageuzwe kuwa mchoro kabla ya kutumwa. Aya na majina matukufu afadhali yasiwekwe kabisa kwenye kifungashio ambacho kesho kitatupwa sakafuni mwa gari.

Mashairi ndani ya kijitabu

Hapa ndipo nawasihi mtumie muda mwingi kuliko kwingine kote, kwani taarab ya Mombasa husikilizwa kwa maneno, na mnunuzi atakifungua kijitabu akiwa na diski masikioni. Ukurasa wa milimita 120, ukiacha pambizo ya milimita 8 kila upande, hubaki na upana wa milimita 104. Msanifu asiyeimba huugawa upana huo safu mbili ili kuokoa kurasa, na kila safu ikapata takriban milimita 49. Tatizo ni kwamba mshororo wa mizani 16, kwa herufi za pointi 8 za fonti nyingi, huchukua milimita 55 hadi 60. Chukueni mshororo kama huu:

Silali hata kidogo, yamevimba yangu mato

Katika safu nyembamba neno la mwisho litaanguka peke yake kwenye mstari wa chini, na kina cha mwisho, ambacho ndicho kinachomwongoza msomaji kutoka mshororo hadi mshororo, kitakuwa kimetupwa mahali ambapo hakuna anayekitafuta. Ubeti mzima ukiwa hivyo, shairi hugeuka maelezo yaliyokatwakatwa.

Suluhisho ninalolipendelea ni safu moja. Ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, hutenganishwa kwa nafasi inayoonekana, na utao wa kila mshororo huanzia kwenye mstari mmoja wa kusimama, ili jicho lione vipande viwili vya ubeti bila kuhesabu. Mpango huo unahitaji upana wa milimita 65 hivi. Zile 39 zinazobaki si hasara, kwani ndizo mahali pazuri pa kuwataja wapigaji wa wimbo huo kwa herufi ndogo zaidi. Kwa nafasi ya pointi 11 baina ya mistari, ukurasa huingiza mistari 26, ambayo inatosha kichwa cha wimbo na beti nne za mishororo minne kwa raha, au tano kwa kubana. Kibwagizo kiandikwe kikamilifu mara ya kwanza na baadaye kitajwe kwa maneno mawili matatu. Ikiwa beti ni nyingi na fedha ni chache, teueni nyimbo mtakazochapa maneno yake, lakini msipunguze herufi mpaka pointi 6 ili zote ziingie. Wasikilizaji wenu wengi wanavaa miwani.

Lipo jambo jingine katika mshororo ule wa mfano. Kisahihishi cha tahajia cha kompyuta, au mhariri mwenye bidii aliyesomea Kiswahili sanifu, ataligeuza neno mato kuwa macho, na kama vina vya ubeti ni mato, majuto na mapito, ubeti umeshavunjika. Mashairi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, yachapwe kama yanavyoimbwa. Mwekeeni msanifu sharti kwamba asibadilishe herufi hata moja, na nakala ya mwisho ya kila shairi isomwe kwa sauti na mtunzi mwenyewe, au na mzee anayeyajua mashairi yake ikiwa mtunzi ameshatangulia mbele ya haki. Alama ya ritifaa katika ng' nayo ikaguliwe moja moja, kwani baadhi ya programu huigeuza kuwa alama ya kufungulia usemi.

Kurasa za kijitabu kinachoshonwa kwa pini huenda kwa nne, yaani 4, 8, 12 au 16, kwa hiyo mkipata kurasa tisa za maneno msilazimishe. Punguzeni hadi nane au jazeni hadi kumi na mbili.

Wino, karatasi na hewa ya Pwani

Rangi za skrini huundwa kwa mwanga, na za karatasi huundwa kwa wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi ya bahari ya Nyali wakati wa jua kali, ile ya kijani iliyochanganyika na buluu, haipo ndani ya wino hizo, na jalada lililoitegemea litatoka limefifia kana kwamba lilipigwa picha siku ya mawingu. Mwambieni msanifu aligeuze faili kuwa la rangi za uchapaji mapema, wakati bado anaweza kurekebisha, wala asimwachie mchapaji kazi hiyo. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Maandishi meupe juu ya picha yenye giza yawe manene na yasishuke chini ya pointi 7, maana wino nne zisipokaa sawasawa huziba matundu ya herufi.

Tazameni picha za mitindo ya nywele zilizobandikwa kwenye vioo vya saluni zinazoelekea jua: nyuso zote zimekuwa za buluu. Njano na majenta kwa kawaida hupauka upesi kuliko samawati na nyeusi, na jalada litakalokaa dirishani mwa duka litafuata njia hiyohiyo. Kwa sababu hiyo jina la albamu lisiandikwe kwa njano juu ya nyeupe, wala kwa wekundu mwepesi usio na mweusi wa kuushika. Jua likishafanya kazi yake, kitakachobaki kinasomeka ni kile kilichotofautiana kwa weusi na weupe. Kulijaribu hilo ni rahisi: pigeni fotokopi ya mfano wenu bila rangi, mwone kama jina bado linasomeka.

Unyevu nao una madhara yake. Kifungashio cha kadi, kile kinachotumika badala ya kasha la plastiki, kikipakwa plastiki nyembamba upande mmoja pekee hujikunja, kwa kuwa upande ulio wazi hunyonya unyevu na kutanuka huku ule mwingine ukibaki vilevile. Ombeni kadi ya gramu 300 kwa mita mraba hivi, na mwulizeni mchapaji kama mwelekeo wa nyuzi za karatasi unafuata mkunjo au unaukata. Ukiukata, wino utapasuka ubavuni. Kwa kijitabu, karatasi ya gramu 150 inatosha. Pini za kawaida hushika kutu katika hewa ya chumvi na kuacha doa la kahawia katikati ya kijitabu, hivyo kama maneno ni machache, karatasi moja ndefu iliyokunjwa mara kadhaa bila pini yoyote ni bora.

Wenye haki

Mistari miwili ya haki huchanganywa mara nyingi. Alama ya herufi P ndani ya duara, pamoja na mwaka na jina, humtaja mwenye haki ya sauti iliyorekodiwa. Alama ya herufi C ndani ya duara humtaja mwenye haki ya maneno, picha na usanifu. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingine siye, hasa studio inapokuwa imegharamia kurekodi. Tatueni jambo hilo kabla ya kuchapa. Katika taarab pana mgawanyo mwingine ambao jalada ni lazima liuheshimu: aliyetunga shairi, aliyetia lahani, yaani tuni, na aliyeimba wanaweza kuwa watu watatu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya watunzi wengine pia, na neno moja kama «mtunzi» bila kufafanua lingewafuta baadhi yao. Andikeni kila wimbo na majina yake matatu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya sauti iliyorekodiwa hudumu miaka 50, na katika muda huo warithi watakuja kuulizia.

Iachieni nafasi tupu sehemu moja ya nyuma kwa ajili ya kibandiko cha uhalali, na mwulizie masharti yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla hamjachapa, ili kisije kikafunika majina ya nyimbo. Msimbopau unahitajika ikiwa mtauza kupitia maduka yanayoskani bidhaa. Kwa mauzo ya harusini mnaweza kuuacha. Mkiutumia, ule wa tarakimu 13 unaotolewa na GS1 Kenya huanza na 616, una upana kamili wa milimita 37.29 na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80 tu. Mistari yake iwe myeusi juu ya weupe. Mistari myekundu haisomwi na mashine, kwa kuwa mashine nyingi humulika kwa mwanga mwekundu.

Jalada la mtandaoni

Hili lisiwe nakala ya lile la karatasi. Wasambazaji wa nyimbo huomba picha ya mraba, kwa kawaida pikseli 3000 kwa 3000, iliyo katika rangi za skrini, na hukataa jalada lenye nambari ya simu, anwani ya tovuti, bei au maneno yanayotaja CD. Ondoeni nambari ya M-Pesa na nembo zote. Kisha lipunguzeni mpaka liwe na ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kwani hivyo ndivyo litakavyoonekana kwenye orodha ya simu, na mkishindwa kulisoma jina, likuzeni jina hata kama picha itapunguka.

Prufu na makasha

Msiidhinishe kazi kwa kutazama faili. Daini prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyochapwa kwa karatasi ileile itakayotumika, itazameni nje kivulini mchana, si chini ya taa ya dukani, kisha mtie sahihi na tarehe nyuma yake na mbaki na nakala moja. Msahihishaji awe mmoja, hata kama wasomaji ni wengi, maana masahihisho yanayotoka kwa watu watano kwa simu hupotea njiani.

Kazi ikiletwa, fungueni makasha mawili matatu ya mzigo yasiyo ya juu, mtoe nakala chache kutoka katikati ya rundo na kuzilinganisha na prufu mliyoitia sahihi: angalieni pindo, ubavu, ushikamano wa plastiki kwenye mkunjo, na kama kurasa za kijitabu zimefuatana. Salio lilipwe baada ya hapo, na makasha yapangwe juu ya ubao, mbali na ukuta unaotoka jasho.